Neno Nililoipa Kamati

Alhamisi, 3 Novemba 2022

Nimetoka kwenye kamati ya maneno sasa hivi. Wacha niandike kabla viazi havijachemka.

Tulikuwa wawili na nusu katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu Hallvarður, aliyestaafu miaka mitano iliyopita lakini hajastaafu kusahihisha watu. Mimi. Na Ármann, mkurugenzi wa kiwanda chetu cha samaki, aliyekunywa kahawa, akala maandazi manne ya kusokota, akaaga. Huyo ndiye nusu.

Kazi yenyewe: kila neno la Kiingereza linalosemwa kiwandani lipate neno letu la Kiaisilandi. Vitabu vya mashine ni vya Kiingereza, kompyuta ni ya Kiingereza, na sisi wenyewe kwa miaka thelathini tumekuwa tukitafuna Kiingereza cha mashine bila kukimeza. Mwalimu anataka ifikapo tarehe kumi na sita, Siku ya Lugha, kila kitu kiwe kimebatizwa. Hatufiki watu laki nne duniani, anasema, tukiziachia mashine ziseme kwa niaba yetu tumekwisha.

Maneno ya ofisini yalienda upesi. Kukabidhiana zamu. Kuambiwa na mkubwa kama umefanya vizuri au vibaya. Siku ya mwisho ya kumaliza kazi. Mwalimu anayo yote kichwani, mimi naandika tu. Kisha tukafika kwenye ile kadi nyekundu, ile unayoitundika kwenye swichi unapoingia kusafisha mashine, mtu asije akaiwasha mikono yako imo ndani. Neno lake la Kiingereza ni refu na baya. Mwalimu akajaribu matano. Yote yalikuwa kama viatu vya mtu mwingine.

Nikasema — sijui kwa nini nilisema — kwamba bibi yetu, bata wa bahari akitaga chini ya ngazi, alituambia watoto: huyu yuko katika grið, asiguswe. Ni neno la kale. Aliyepewa grið hata adui yake hamgusi, na anayeivunja hana heshima tena mpaka kaburini. Basi si tuseme griðlás? Kufuli la hifadhi.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Nikadhani nimekosea. Halafu akasimama, mtu wa miaka sabini na nne, akanipa mkono kama nimepata mtoto.

Mimi! Niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na sita nikaenda kukata minofu. Sijapata kushangaa hivi. Bwana nilinde na kiburi, maana nimekwisha kulisema mara kumi nikiwa peke yangu jikoni.


Jumatatu, 7 Novemba

Ketill anatuita kamati ya ubatizo. Kaka yangu huyu hajapata kuonana na jambo asilolitania. "Veiga," ananiambia mbele ya watu wote wa chai, "mimi nimekuwa fundi hapa tangu hamjawa na choo cha ndani. Hiyo mashine naijua kwa Kiingereza, kwa Kijerumani na kwa teke. Nyinyi mnaipa jina la nini tena?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi.

Ambaye hakucheka ni Bożena. Huyu ni Mpolandi wetu wa chumba cha barafu, miaka kumi na miwili yuko nasi. Alinifuata baadaye na kile kidaftari chake chenye mafuta ya samaki, akaniomba nimsomee orodha yote taratibu. Tulipofika kwenye neno langu akauliza maana. Nikamweleza habari za bibi na bata. Akalisema. Akalisema tena. "Hili zuri," akasema. "Hili naamini."

Nilitaka kumwambia ni langu. Nikauma ulimi. Niliona fahari zaidi kwa kuuma ulimi kuliko ambavyo ningeona kwa kusema. Ndivyo nilivyo.


Jumatano, 16 Novemba

Siku ya Lugha. Nimechoka kwa kucheka.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Mwalimu, na vibandiko na kadi mia na arobaini kutoka mtambo wa chapa kule ng'ambo ya mlima. Vyote vya bluu na nyeupe, herufi moja, ukubwa mmoja. Lugha moja, sura moja, ndivyo alivyosema Mwalimu kwenye kikao cha mwisho na mimi nikaandika hivyo kwenye daftari la kamati. Mashine ya kahawa, mlango, ndoo, mkanda, mizani, kila kitu kina jina. Kadi nyekundu za Kiingereza nilizitoa mimi mwenyewe, zote sita, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki. Mahali pake nikatundika kadi zangu sita. Griðlás. Nilisimama nikaziangalia kama mjinga.

Hadi saa nne vijana wa mkanda walikwisha anza vituko. Kibandiko cha "mizani" kilikuwa kwenye tumbo la Ármann na yeye hajui, akapita nacho ofisi nzima. Cha "taka" kikaonekana kwenye mlango wa mkutano. Kila mtu anabandua, anabandika kwingine. Ketill alitembea na "pampu" mgongoni mpaka chakula cha mchana, alipokitambua akakikunja akakitupa, akasema kwamba kuanzia leo chochote cha bluu na nyeupe anakipeleka motoni.

Mwalimu alitabasamu tu. Alisema lugha inayochezewa ndiyo inayoishi.

Jioni watoto wa shule walisoma kanisani. Nimeshukuru kwa siku nzima.


Alhamisi, 17 Novemba

Saa nane na robo mchana. Bożena ndani ya tangi la barafu, anasafisha. Ile skrubu kubwa inayosukuma barafu ikazunguka.

Nilisikia kutoka kwenye meza ya minofu. Sikujua ni sauti ya mtu.

Mkono wa kulia. Nilifunga taulo, nikakaza mkanda wa aproni yangu juu ya kiwiko. Barafu yote nyekundu. Helikopta imemchukua saa tisa na dakika hamsini.

Baba yetu uliye mbinguni. Siwezi kuendelea hata mstari wa pili.


Ijumaa, 18 Novemba

Wamemkata mkono juu kidogo ya kifundo. Yuko hospitali ya Akureyri. Anaishi, Mungu ashukuriwe, anaishi.

Kiwanda kimefungwa. Ármann ametukusanya chumba cha chai saa tatu. Alikuwa mweupe kama karatasi, namhurumia, lakini aliyoyasema yamenipiga butwaa. Kwamba hapakuwa na kadi kwenye swichi. Kwamba Ketill, aliyewasha, ameulizwa na amesema hivyo: hapakuwa na kadi. Kwamba kwa hiyo Bożena aliingia bila kutundika, na ingawa sote tunaumia, ni kosa lake mwenyewe, na bima itaangalia hilo.

Bożena? Anayefuta ndoo kabla ya kuitumia na baada ya kuitumia? Aliyenisomea neno lile mara mbili na kidole juu ya mstari?

Nilimtazama Ketill. Alikuwa anatazama kikombe.

Yule mama wa kufungasha akanong'ona pembeni yangu kwamba hawa wageni huwa wana haraka. Nikamwambia, Gréta, nyamaza. Sijawahi kumwambia mtu nyamaza katika chumba kile.


Jumamosi, 19 Novemba

Sijui nitaandikaje. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Leo ilikuwa siku ya kuwanyoa kondoo. Tunao ishirini na saba, mimi na kaka yangu, katika banda la wazazi wetu, na sufu haingojei msiba. Kwa hiyo tulinyoa. Yeye na mashine, mimi nakunja sufu. Kisha akazima mashine huku amembana jike yule mweusi katikati ya magoti, nusu amenyolewa nusu bado, akasema:

"Ilikuwepo."

Nikamuuliza nini.

"Kadi. Ilikuwepo, Veiga. Bluu na nyeupe. Nilidhani ni moja ya vile vikaratasi vyenu. Tangu asubuhi nilikuwa nimebandua hata kwenye kofia yangu. Niliichomoa, nikaitupa kwenye pipa la mifupa, nikawasha. Hata sikuisoma. Kwa nini niisome?"

Kondoo alikuwa anahema.

Nikamwambia, kwa hiyo Bożena aliitundika.

"Aliitundika."

"Na wewe umesema hapakuwa na kitu."

"Nilisema kabla sijafikiri. Kisha ilikwisha semwa." Akawasha mashine. Akaizima tena. "Ingekuwa nyekundu ningeiona. Miaka thelathini nimeiona nyekundu. Mkono wangu wenyewe ungekataa. Nani aliyeziondoa nyekundu?"

Anajua ni nani. Wote wanajua ni nani.

Nilitoka nje nikakaa kwenye theluji. Halafu nikarudi, kwa sababu yule mweusi alikuwa nusu uchi na hakuna aliye na kosa dogo kuliko yeye. Tukamaliza wote ishirini na saba.


Jumapili, 20 Novemba

Ni mimi ninayemvisha mchungaji kanzu yake, na ni mimi ninayesimama mbele ya madhabahu kusoma sala ya kufungulia ibada. Miaka kumi na tisa. Naijua kama ninavyolijua jina langu. Leo nilifungua mdomo, na pale panapoomba kwamba tusikie anachotufundisha Mungu, sauti haikutoka. Hewa tu. Watu walidhani ni kwa ajili ya Bożena, na yule mwenye kinanda akaanza kupiga ili kunistiri. Wema wao umenichoma zaidi.

Amri ya nane. Nilifundishwa nikiwa na miaka sita. Usimshuhudie jirani yako uongo. Haikuandikwa: isipokuwa kwa kaka yako aliyekubeba mgongoni kuvuka mto.

Mchana nilimpigia Bożena simu. Sauti ndogo, ya dawa. Nilikuwa nimejiandaa na maneno, nikayakosa yote. Yeye ndiye aliyezungumza.

"Veiga, mimi nilitundika. Wanasema sikutundika. Ármann alipiga simu, ana huruma, anasema pengine nimesahau kwa sababu ya mshtuko. Mimi sasa sijui. Labda kweli nimesahau? Wewe ulinifundisha. Niambie, labda nimesahau?"

Yeye anaanza kujitilia shaka. Mkono umekwenda na sasa wanamchukulia na kichwa.

Nikamwambia, hukusahau. Nikamwambia mara tatu. Akauliza najuaje. Nikasema nitamweleza, dawa zikipungua. Mwoga mimi! Alinishukuru. Alinishukuru.


Jumatatu, 21 Novemba

Mwalimu Hallvarður amekuja mwenyewe. Amekalia kiti cha marehemu mume wangu, hakugusa kahawa. Asubuhi alikuwa kiwandani na Ármann, wamebandua vyote, vibandiko mia na arobaini, na kadi nyekundu zimerudi. Amezeeka kwa siku nne.

Nilidhani amekuja kulia. Nilikuwa tayari kulia naye.

Alitaka daftari la kamati. Mimi ndiye mwandishi, liko kwangu. Alisema ule mstari wa rangi, wa lugha moja sura moja, haukuwa uamuzi, yalikuwa mazungumzo tu, na mazungumzo si lazima yaandikwe. Akasema ningeweza kuuandika upya ukurasa ule kwa mwandiko wangu huuhuu, ni ukurasa mmoja. Mtu wa ukaguzi wa kazi anakuja kesho kutwa.

Nikamuuliza kama anajua kuhusu kadi. Akasema hataki kujua. Kisha, polepole, kama anavyofundisha, kwa jina langu kamili: "Sigurveig, mwanangu, fikiria. Wakiandika kwenye gazeti kwamba neno la Kiaisilandi limemkata mtu mkono, hakuna kiwanda nchi hii kitakachotaka kutusikia tena. Kazi ya watu mia. Ya miaka hamsini. Watasema, acheni Kiingereza chetu, kinatosha, hakiui."

Nilimpenda mtu huyu tangu darasa la pili. Aliniambia nina sikio wakati wengine walisema nina mikono tu. Ningefanya nini kingine, nilimwaga kahawa yake iliyopoa nikamwekea ya moto.

Nikasema, "Mwalimu, neno halikumkata. Neno ni zuri. Tuliivisha kadi ya hatari nguo moja na mashine ya kahawa. Hilo tulilifanya mimi na wewe."

Akasema sijui ninachosema.

"Ndiyo," nikasema, "mimi sikusoma. Lakini niliandika. Na ukurasa ule siugusi."

Aliondoka bila kunipa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mwalimu wangu. Nina miaka hamsini na tatu.


Jumanne, 22 Novemba

Asubuhi. Mkaguzi amepiga simu, mwanamke, sauti ya kijana, mpole. Yuko njiani, atalala nyumba ya wageni hapa bandarini, ataanza kutuhoji kesho saa nne. Aliniuliza kama kuna jambo ambalo angepaswa kulijua mapema. Nikasema nitamwambia kesho. Nimesema hivyo, limeshatoka.

Nimempigia Ketill hapohapo kabla ujasiri haujapoa. Nimemwambia: kesho saa nne na robo nitayasema yote, kuhusu rangi, kuhusu mimi, kuhusu daftari, na kuhusu banda la kondoo. Nakupa usiku huu na asubuhi. Nenda wewe kwanza, nisiwe mimi wa kukutaja.

Nikasikia redio yake, bei za samaki. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyenibakia peke yako, Veiga." Akakata.

Nimelia. Nimesali. Nimeoka mkate, kwa sababu mikono lazima iwe mahali.

Ikiwa atafukuzwa. Ikiwa watamshtaki. Ana miaka hamsini na minane na hajui kazi nyingine wala mji mwingine. Na Bożena ana arobaini na sita na mkono mmoja, na karatasi inayosema ni uzembe wake. Nimezipima hizi mbili siku tatu kama kuna mizani inayoweza. Hakuna. Moja ni kweli na nyingine si kweli, basi.


Jumatano, 23 Novemba

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, bado giza. Naandika chumbani nimesimama.

Ketill yuko jikoni kwangu. Sikusikia gari. Ameingia na viatu — katika nyumba hii hata daktari alivua viatu siku mume wangu alipokuwa anakata roho — na theluji inamyeyukia juu ya sakafu ya mama, wala haoni. Hajanyoa. Nadhani hajalala.

Nikamuuliza kama atakula. Akauliza barabara ya mlimani iko wazi. Nikamwambia redio imesema gari la theluji linapita sasa hivi, watafungua saa mbili.

Ng'ambo ya mlima ni Akureyri. Ng'ambo ya mlima pia ndiyo njia ya kwenda kusini kwa mwanawe. Na mkaguzi yuko huku bandarini, saa nne. Sikuthubutu kumuuliza. Nilishika birika tu.

Akasema, akiwa amelitazama dirisha: "Pale mapokezi. Hospitalini. Watauliza jina kamili."

Nikasema, ndiyo, watauliza. Basi si kusini anakokwenda.

"Jina lake la pili ni nani?"

Nikafungua mdomo kumwambia. Sikuwa nalo.

Sisi huitana kwa jina moja, ndiyo desturi yetu, hata rais. Lakini wetu nawajua, mwana wa nani, binti wa nani, mpaka babu wa tano. Bożena nimekunywa naye kahawa miaka kumi na miwili. Kwenye simu yangu ameandikwa Bożena Barafu.

Nimemwambia angoje, nimekuja chumbani kwenye sanduku la karatasi za kazi. Orodha za zamu ziko hapa zote, kwa mwandiko wangu. Mwaka huu: Bożena. Mwaka jana: Bożena. 2015, Bożena. Nazipindua. Namsikia anasogeza kiti. Injini ya gari inanguruma nje, hakuizima. 2012, Bożena. 2011...